Pesa za zahanati zimelipa mishahara, nami naambiwa nisiandike

BARUA

Mama Mshauri,

Salamu kutoka Nakuru. Mimi ni kijana wa miaka 32, nina mke na mtoto mmoja. Nilimaliza masomo ya uhasibu ya CPA, kisha nikafanya mitihani ya wachambuzi wa uwekezaji na fedha ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu nchini. Nilianza kazi katika Sacco moja mjini hapa. Baadaye askofu wetu aliniita akaniambia kanisa limekua, parokia zimefika Molo, Njoro, Subukia hadi Kuresoi, na ofisi kuu inahitaji mtu wa kuchambua fedha, si wa kuandika tu zilizoingia na zilizotoka. Mshahara ulikuwa chini ya ule wa Sacco. Nilikubali kwa moyo mmoja, kwa kuwa hili ndilo kanisa lililonilea. Tena baba alipofariki, askofu huyo ndiye aliyenilipia ada ya mtihani wa mwisho, na ndiye aliyetufungisha ndoa.

Miaka minne iliyopita sinodi iliamua tujenge zahanati upande wa Kuresoi. Huko mama mjamzito akizidiwa usiku hubebwa kwa pikipiki kwenye tope. Waumini walichanga kwa harambee na kwa bahasha za kila mwezi, jumla shilingi 4,400,000. Kanisa rafiki la Ujerumani likaongeza 2,400,000 kwa mkataba wa maandishi. Kwa hiyo vitabu vyetu vinasema mfuko wa zahanati una shilingi 6,800,000. Benki ina 1,900,000. Kiwanja kipo, msingi haujachimbwa.

Nilifuatilia vocha za malipo moja baada ya nyingine. Shilingi 4,900,000 zilizopungua sikuona mahali zilipoibwa. Zililipa posho za wachungaji miezi ya Januari hadi Machi sadaka zinapopungua, zikalipa kodi ya pango la ofisi kuu, matengenezo ya gari na kongamano la vijana. Kila mara palisemwa, "Tutarudisha baada ya mavuno." Mavuno yamekuja yamepita, na hakuna karatasi hata moja inayosema ofisi kuu inadaiwa na mfuko wa zahanati.

Kuna jambo la pili. Posho za wachungaji, ambazo kwa kweli ni mshahara wa kila mwezi, hazikatwi PAYE, yaani kodi ya mshahara, wala makato mengine ya kisheria. Mweka hazina wetu, mzee ninayemheshimu sana, husema kanisa halitozwi kodi.

Sinodi ni Novemba. Nilipompelekea askofu rasimu ya ripoti ya fedha aliisoma kimya, kisha akasema, "Mwanangu, weka jumla moja tu. Ukianza kutenganisha mifuko utawakwaza waumini, na aliyekwazwa hatoi." Katibu mkuu alikuwepo. Akaniuliza kama bado nina imani au kule Sacco nilifundishwa kumwamini Mungu kwa karatasi. Wakati huohuo imeundwa kamati ya kukusanya pesa za gari jipya la askofu, kutoka kwa waumini walewale.

Linaloniuma zaidi ni mama yangu, anayeishi Elburgon. Alipouza viazi msimu uliopita alitia shilingi 5,000 kwenye bahasha ya zahanati. Kila nikienda kumwona huniuliza ujenzi umefika wapi, maana anajua niko ofisi ya fedha. Namjibu, "Bado inapangwa."

Rafiki yangu mmoja ananishauri nitume hesabu zote kwenye kundi la WhatsApp la waumini, watu wajionee. Mke wangu anasema niache kazi kimyakimya nirudi Sacco. Je, nikikataa kutia sahihi ripoti ya jumla moja nitakuwa nimemkosea shukrani mtu aliyenisaidia? Na je, ni kweli nimepungukiwa imani?

Mchambuzi wa Fedha,
Nakuru

JIBU

Mwanangu,

Nianze na hesabu zako, kwa sababu zina jambo ambalo barua yako haikulitaja. Wajerumani walitoa 2,400,000. Benki imebaki na 1,900,000. Hata tukisema kila shilingi iliyobaki ni ya hao rafiki, na kwamba za waumini zimekwisha zote, bado kuna pengo la 500,000 ndani ya pesa zenye mkataba. Hilo ndilo la dharura. Mikataba ya aina hiyo kwa kawaida ina tarehe ya ripoti, huagiza pesa zikae kwenye akaunti ya peke yake, na hueleza litakalofuata zikitumika kwa kazi nyingine. Utoe mkataba wenu kabatini uusome mwanzo hadi mwisho kabla hujazungumza na yeyote. Inawezekana tarehe ya ripoti iko karibu kuliko Novemba.

Sasa swali la imani. Nimeshika hazina ya parokia kwa miaka mingi na maneno kama ya katibu mkuu nimeyasikia. Huumiza, kwa sababu mtu anayefanya kazi kanisani hana kinga dhidi yake. Lakini katibu mkuu anaijua habari ya mfalme Yoashi katika Biblia. Mfalme aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kutengeneza hekalu palipobomoka. Mwaka wa 23 wa utawala wake ukafika na mabomoko hayajazibwa. Habari yenyewe haiwaiti makuhani wezi. Huenda fedha zilikuwa zimeingia tu katika mahitaji ya kila siku, kama zilivyoingia zenu. Basi kuhani Yehoyada akatoboa tundu kwenye kifuniko cha sanduku, akaliweka kando ya madhabahu. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu wote wawili, wakazifunga mifukoni, wakawakabidhi wasimamizi wa ujenzi ili walipe maseremala na waashi. Najua mbele kidogo pameandikwa kwamba wasimamizi hao hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Mtu akikutolea mstari huo, mkumbushe kwamba sanduku na wahesabuji wawili walitangulia.

Kwa hiyo hapana, hujapungukiwa imani. Pesa iliyotolewa kwa ajili ya zahanati ni ya zahanati, na anayeweza kuibadilishia kazi ni aliyeitoa au baraza lenye idhini yake. Askofu hana uwezo huo peke yake, na wewe huna uwezo wa kumsaidia kuufanya uonekane upo. Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote nitakayosema.

Lakini pia nataka umhurumie askofu, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Ana wachungaji wenye watoto, Januari imefika, sanduku ni jepesi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti kile anajua uzito wa kumwambia mchungaji wa kijijini asubiri. Kosa lenu kubwa ni kwamba kukopa kulifanyika bila kuandikwa kuwa ni deni. Mfuko mmoja ukikopesha mwingine kwa uamuzi wa kamati, mkopo ukaandikwa kwenye kumbukumbu na kwenye vitabu, ukapangiwa tarehe ya kurudi, watu wazima wanaweza kuujadili, mradi hakuna mkataba unaokataza. Usipoandikwa unakua mwaka hadi mwaka, na hatimaye kijana kama wewe anaombwa aufunike.

Rudi kwa askofu. Nenda peke yako, siku ya kazi, mbali na masikio ya katibu mkuu, kwa sababu mzee akisahihishwa mbele ya mwingine hulazimika kujitetea. Usiende na rasimu ileile. Nenda na ukurasa mmoja, na hapa ndipo usomi wako una kazi.

Ukurasa huo uonyeshe kwanza sadaka za miezi 12 kwa miaka mitatu au minne. Utaona mstari ambao kila mkulima wa Molo anaujua bila kusoma. Parokia za mashambani hutoa vizuri mahindi yakishavunwa na kuuzwa, kuanzia Oktoba kuelekea mwisho wa mwaka. Januari karo za shule hufagia kila kitu. Parokia za mjini, zenye watu wa mishahara, hazipandi wala kushuka sana. Nina hakika bajeti yenu imegawanywa kwa 12 sawasawa, kana kwamba waumini wote hulipwa mwisho wa mwezi. Basi kila Januari lazima mtakwama, na kila Januari mtaangalia ni mfuko gani uko karibu. Hakuna mahubiri yatakayoliondoa hilo. Litaondoka mkitenga sehemu ya sadaka za Oktoba hadi Desemba iwe akiba ya posho za miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka, kwenye akaunti yake, kwa jina lake. Mpe askofu kiasi kamili kinachohitajika. Atakusikiliza vizuri zaidi akiona unamwondolea mzigo wa kila Januari kuliko akiona umemletea hukumu.

Chini ya hapo andika deni: shilingi 4,900,000. Ofisi kuu ikirudisha 150,000 kila mwezi itamaliza kwa miezi 33. Ni muda mrefu, lakini una mwisho, na mtu anaweza kuusimamia mbele ya sinodi. Zile 500,000 za mkataba zisingoje ratiba hiyo. Zitoke kwenye makusanyo ya mavuno haya haya, kongamano la mwaka huu lifanyike kwa siku moja katika kila parokia, na matumizi ya ofisi yanayoweza kungoja yangoje. Kisha askofu mwenyewe awaandikie rafiki wa Ujerumani, awaeleze kilichotokea na kinachofanywa, kabla hawajauliza. Wewe mwandalie takwimu, barua iwe yake.

Kuhusu gari, nakuonya. Utajaribiwa kupendekeza pesa zilizokwisha kutolewa kwa gari zihamishiwe zahanati. Usifanye hivyo, maana utakuwa umerudia jambo lilelile kwa nia nzuri. Pendekeza kamati ile isimamishe mchango kwa sasa, na waliokwisha toa waulizwe mmoja mmoja kama wanataka kurudishiwa, kungoja, au kuhamisha wenyewe. Hili ni gumu kumwambia mtu ambaye gari ni lake. Liseme kwa upole, lakini liseme.

Askofu anaogopa kwamba aliyekwazwa hatoi. Namwelewa. Lakini watu wa Kuresoi hupita kando ya kiwanja kitupu kila siku ya soko. Wanajua hakuna kilichojengwa, na kimya cha ofisi kuu wanakijaza kwa hadithi zao, ambazo ni mbaya kuliko ukweli mlio nao. Ukweli wenu ni kwamba pesa zililisha wachungaji na kuendesha kazi za kanisa. Muumini anaweza kuusamehe huo akielezwa na askofu wake kwa mdomo wake. Katika parokia yangu, tulipoanza kubandika mlangoni hesabu za kila mfuko, waliokuwa wameacha bahasha walizirudia.

Kwa ripoti yenyewe kuna njia ya kukubaliana. Jumla moja kwenye ukurasa wa kwanza si uongo, ikiwa ukurasa wa pili unaonyesha kila mfuko: ulianza na kiasi gani, ukapokea nini, ukatumia nini, unadai nani. Mpe askofu ukurasa wake wa kwanza, kwa sharti la huo wa pili. Bila wa pili, usitie sahihi. Kanuni za maadili za ICPAK, chama cha wahasibu waliosajiliwa, haziruhusu mwanachama kuhusishwa kwa kujua na taarifa inayopotosha, na hazisemi kanisani ni tofauti.

Posho za wachungaji zina jibu fupi. Mzee wenu wa hazina amechanganya mambo mawili. Kanisa likiwa na cheti cha msamaha wa kodi, msamaha huo ni wa mapato ya kanisa lenyewe, tena cheti kina muda wake na huombwa upya. Mshahara wa mchungaji ni mapato ya mchungaji. Kwa viwango vya 2025, anayelipwa hadi 24,000 kwa mwezi hatoi PAYE, kwa kuwa unafuu wa 2,400 humeza kodi yote, na huenda wachungaji wengi wa vijijini wako humo. Lakini SHIF, mchango wa bima ya afya ya jamii, wa asilimia 2.75 unamhusu, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 unamhusu pamoja na asilimia 1.5 nyingine kutoka kwa kanisa, na NSSF, mchango wa uzeeni, pia. PAYE hupelekwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Piga hesabu kwa kila mchungaji, uone deni halisi la nyuma, kisha mshauri askofu kanisa liende kwa mamlaka ya mapato, KRA, lenyewe kuomba kulipa kwa awamu. Faini na riba huzidi kadiri mnavyongoja. Na mchungaji asiyechangiwa NSSF leo atazeeka akisubiri sadaka ya watu, jambo ambalo nimeliona na linanihuzunisha kuliko faini yoyote.

Kwa siku za mbele, ombeni kwamba kila mfuko uwe na jina lake la akaunti kwenye Paybill, namba ya kanisa ya kupokea pesa kwa simu, mtu akituma aandike zahanati, fungu la kumi au shukrani, na pesa za zahanati zihamie akaunti yake ya benki kila wiki. Sahihi mbili za benki zisiwe zote za ofisi kuu. Mtu mmoja atoke parokia ya Kuresoi, anayepita kando ya kile kiwanja.

Askofu akikataa yote haya, mwandikie barua fupi ya heshima, taja tarehe mliyoongea na ulichoshauri, ubaki na nakala. Kisha fungua katiba ya kanisa, ile iliyopelekwa kwa Msajili wa Vyama. Humo utaona kamati ya fedha ina mamlaka gani, mkaguzi wa hesabu huteuliwa na nani na muumini ana haki gani ya kuona vitabu. Wapo pia wadhamini waliosajiliwa, ambao kisheria ndio wanaoshika mali ya kanisa, na mara nyingi hawaambiwi lolote hadi mambo yaharibike. Pita ngazi hizo moja baada ya nyingine, ukimjulisha askofu kila unapopanda. Mkaguzi akikuuliza jambo, mjibu ukweli wote.

Kundi la WhatsApp, hapana. Hesabu zisizo na maelezo zitafika Ujerumani kabla ya jua kuzama, barua ya askofu haijaandikwa. Vocha zako zina majina ya wachungaji na wanacholipwa, na hizo ni taarifa zao binafsi, zinazolindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Watu wataanza kubishana nani alikula nini, na zahanati itasahaulika. Rafiki yako ana hasira ya haki, ila hatakuwepo wakati mchungaji wa Kuresoi anazomewa sokoni kwa posho aliyodhani ni halali.

Umeniuliza kuhusu shukrani, nami nimelifikiria hilo kwa muda. Askofu alikulipia mtihani ili uijue kazi hii. Hakuna namna ya kumshukuru iliyo kubwa kuliko kuifanya vizuri mbele yake, hata siku ambayo haipendi. Ukimfunikia leo, mkaguzi au Wajerumani wakija kufunua, jina litakaloaibika ni lake kabla ya lako. Unamkinga mzee wako, hata kama mwaka huu hataliona hivyo.

Mama yako acha kumwambia inapangwa. Anajua uko ofisini na anaamini neno lako. Mwambie, "Mama, ujenzi haujaanza, na swali lako ni la haki. Liulize kwenye mkutano wa parokia." Hujatoa siri yoyote ya ofisi, na akina mama kama yeye wakiuliza kwa utaratibu, askofu atapata nguvu ya kujibu.

Mke wako naye asikilizwe, kwa sababu nyumba ndiyo itakayobeba lolote litakalotokea. Ila kuondoka kimyakimya kutamwachia mwingine rasimu ileile mezani. Kaeni pamoja sasa, kabla ya sinodi, mhesabu mnaweza kuishi miezi mingapi bila mshahara wako, na uulize mapema kama kuna nafasi Sacco. Mtu anayejua watoto wake watakula husema "hapana" bila sauti kutetemeka. Ikifika mahali unaambiwa utie sahihi ama uondoke, ondoka. Andika barua, taja sababu kwa sentensi moja isiyo na matusi, kisha kabidhi vitabu, vocha na funguo mbele ya mweka hazina, kila kitu kikiorodheshwa, na orodha iwe na sahihi yako na yake.